Ejo Ipi? Kutoka Kanombe Mpaka Vancouver

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwetu Gatsata, hapa Kigali, kununua plagi au mkanda wa feni ananiuliza swali moja: Zena, ilikuwaje huko? Nikianza kueleza, anaingia mteja mwingine anataka brekipadi, hadithi inakatika katikati ya mawingu. Wiki iliyopita jirani mmoja aliondoka akiamini kwamba nilikwama Toronto mwezi mzima. Basi nimeona niandike yote mara moja, kila mtu asome kwa wakati wake. Habari za viza na tiketi naziruka, maana zilinichosha kuzipitia mara ya kwanza.

Wengi mnamjua dada yangu Mwamini. Kwa asiyemjua: ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alinifunga mgongoni hali yeye mwenyewe akiwa msichana mdogo. Mwanawe Sudi alihamia Vancouver, Kanada, akamchukua kwenda kuishi naye. Mwaka huu moyo wa dada ukaanza kumsumbua. Sudi alitueleza kwenye simu kwamba kuna kilango ndani ya moyo kisichofunga sawasawa, na mume wangu Hamisi, ambaye ameuza vipuri maisha yake yote, akasema, "Aa, ni valvu." Daktari alitaka kumpasua siku ya Jumatatu. Alimwambia wazi kwamba kwa umri wake, wako ambao hawaamki.

Dada aliniomba jambo moja tu. Alisema hataki kulala juu ya ile meza kabla hajaniona. Nikamwambia nitafika Alhamisi, tutakuwa na siku tatu nzima za kupiga soga.

Gikondo mpaka Kanombe

Hamisi alikuwa amepima safari yangu kwenye simu. Akasema kutoka uwanja wa Kanombe mpaka ule wa Vancouver, ukinyoosha mstari, ni kilomita elfu kumi na nne na ushee. Kwake yeye umbali wowote ni hesabu ya oili. "Gari ingebadilisha oili karibu mara tatu," alisema. Nikatazama huo mstari wake kwenye simu, nikaona umepinda kama mgongo wa paka na unapita juu kabisa kwenye barafu. Nikamuuliza umenyooka wapi. Akachukua papai lililokuwa mezani, akavuta uzi juu yake kutoka upande huu mpaka upande wa pili, ili nione kwamba juu ya kitu cha duara njia fupi ndiyo inayoonekana imepinda. Nilielewa, ila sikumwambia. Tukala papai.

Ndege za watu kama sisi hazifuati uzi. Mimi nilipaswa kwenda Addis Ababa kwanza, halafu Toronto, halafu ndiyo Vancouver, sawa na mtu anayetoka Gikondo kwenda Kimironko kwa kupitia Nyamata, nje kabisa ya mji.

Mnanijua, mimi nikikaa mahali miguu inawasha. Siku ya kuondoka tulikwama Sonatubes kwenye msongamano, na dereva wa teksi alikuwa ametulia kama yuko sebuleni kwake. Nilimwambia apite njia nyingine. Akanijibu, "Mama, njia ingine haiko. Ndege iko inakungoja, haiwezi kuenda bila wewe." Nilitaka kumweleza kwamba ndege huenda bila watu kila siku, lakini Hamisi alinibonyeza mkono ninyamaze. Kwenye sanduku nilikuwa na vitenge viwili, majani ya chai, na kilo mbili za sambaza waliokaushwa, wale dagaa wa Ziwa Kivu, kwa sababu dada alikuwa ameniambia samaki wa kule ni wakubwa na hawana ladha.

Tulifika na muda mwingi wa ziada. Hamisi alicheka tu.

Addis Ababa

Addis tulifika Jumatano jioni. Uwanja ule umejaa watu wa kila rangi, wote wanatembea kama wamechelewa, na hilo lilinifurahisha, nikajiona niko kwetu. Nilinunua kahawa ndogo yenye nguvu kiasi kwamba nilihisi inanipandia masikioni. Halafu nikawasha intaneti ya uwanja, ujumbe wa Sudi ukaingia:

"Mama mdogo, wamebadilisha siku. Operesheni ejo mchana. Omba Mungu."

Sasa hapa lazima nisimame kwa ajili ya wale ndugu zetu wa Tanga watakaosoma haya. Kwa Kinyarwanda, jana ni ejo, na kesho nayo ni ejo. Mtu akisema sentensi nzima utajua ni ipi, maana kitenzi kitakuambia. Lakini Sudi aliondoka Kigali akiwa kijana mdogo. Kiswahili chake na Kinyarwanda chake ni nusu nusu, na vitenzi huvila.

Ejo mchana. Kama ni jana, dada yangu ameshapasuliwa mimi nikiwa bado nafunga sanduku Gikondo, na ama yuko hai ama hayuko. Kama ni kesho, basi kuna nafasi. Huko wako nyuma yetu kwa saa nyingi, siku yao huanza wakati yetu imekwishachoka, na ratiba yangu ilisema nitatua Vancouver Alhamisi kabla ya adhuhuri yao. Nikitoka mbio uwanjani ningeweza kumkuta bado hajaingizwa. Ningemshika mkono hata kwa dakika moja.

Nikamwandikia Sudi: ejo ipi? Nikampigia. Kimya. Sudi anafanya kazi kwenye ghala ambako simu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Simu ya dada ilikuwa imezimwa.

Karibu nami walikaa mzee mmoja wa Kicukiro na mkewe, wanakwenda Ubelgiji kuwaona wajukuu. Nilikuwa nimesikia Kinyarwanda chao kilichochanganyika na Kiingereza cha Uganda. Sina aibu, niliwapa simu wasome. Mzee alisoma mara mbili, akasema hakuna shaka. "Hiyo iko kesho. Amesema omba Mungu. Mutu haombi kitu kimeshaisha."

Mkewe akaivuta simu. "Hapana. Wamemupasua jana, sasa iko anaomba apone. Angekuwa bado, angesema kuja mbio."

Mzee akasema kijana hawezi kumwambia mtu aliye angani aje mbio. Mkewe akasema kijana hakujua kama niko angani. Wakaendelea hivyo, kwanza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, halafu kwa Kinyarwanda, halafu wakaingia kwenye mambo yao ya zamani yasiyonihusu, ya nani alisahau kumpokea nani kituoni mwaka gani. Nilipoitwa kuingia kwenye ndege walikuwa bado hawajaafikiana. Mama yule aliniinukia, akanikumbatia kwa nguvu kama tunajuana, akasema ataniombea kwa zote mbili.

Juu ya bahari

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilingoja toka Addis mpaka Toronto. Kwenye kiti cha mbele yangu kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha ramani na kandege kanakotambaa. Kilomita zilizobaki zilikuwa zinapungua kwa uvivu. Nilikuwa nalala kidogo, naamka, natazama, naona tumesogea kipande cha kucha. Waliniletea chakula mara mbili. Wali ulikuwa mzuri. Kulikuwa na mkate mdogo baridi ambao niliuweka kwenye mkoba bila sababu, mkono ulitaka tu kufanya kitu.

Nilipanga mambo mawili kichwani. Kama ejo ni kesho, nifanye haraka: nisichukue sanduku, nitoke na mkoba tu. Kama ejo ni jana, haraka yangu haina maana yoyote, na hapo nilikuwa nashindwa kuendelea kufikiri. Ajabu ni kwamba nilikuwa naombea yote mawili kwa wakati mmoja. Iwe kesho, ili nimwone. Iwe jana, ili awe ameshapita salama. Nilimwambia Mungu achague mwenyewe, mimi nimeshindwa. Nilimtazama kwa muda yule mwanamume aliyekaa kando yangu, amelala mdomo wazi tangu magurudumu yaondoke ardhini, nikamchukia bila kosa lake.

Simu yangu iliisha moto, ikazima, tukiwa katikati ya bahari.

Toronto

Toronto asubuhi, theluji. Niliitazama kupitia dirisha na sikuipenda.

Kwenye mlango wa forodha kulikuwa na mbwa mdogo mwenye masikio marefu. Aliwapita watu wote, akaja akakaa mbele ya sanduku langu kama mgeni aliyealikwa. Afisa akaniuliza kama nina chakula. Nikasema ninacho. Akauliza chakula gani, na hapo Kiingereza changu kikaniacha, maana sambaza sikuwahi kumjua kwa Kiingereza. Nikasema ni samaki wadogo wadogo. Akafungua, harufu ya Kivu ikajaa ukumbi mzima, mbwa akasimama kwa heshima. Afisa alimwita mwenzake. Mwenzake alimwita mwingine. Walivaa glovu, wakamshika sambaza mmoja kwa vidole viwili, wakamgeuza huku na huku wakimtafuta kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya mguu mmoja, halafu wa pili. Nilitaka kuwaambia chukueni wote, kuleni, niacheni niende. Mwisho wakafunga vizuri, wakanitakia safari njema. Walikuwa watu wapole, na upole wao ulinipotezea muda kuliko ukali.

Nikatafuta ukuta wa kuchaji simu. Chaja yangu ina meno mawili ya mviringo, na matundu yao ni nyufa mbili nyembamba. Mimi, muuza vipuri wa Gatsata, ninayewaambia watu kila siku kwamba wapime kabla ya kununua. Kijana mmoja alikubali kuniazima simu yake, nikabaki nimeishika tu, kwa sababu namba ya Sudi iko ndani ya simu iliyozimika na kichwani mwangu haimo. Msafiri maskini ajapokuwa sultani.

Tukaingizwa kwenye ndege ya Vancouver, milango ikafungwa, na hatukuondoka. Tulikaa. Baada ya saa nyingi likaja gari lenye mkono mrefu likaanza kuinyunyizia ndege maji yenye rangi. Nilidhani wanaiosha. Nikawaza, hata sisi Gatsata hatuoshi gari abiria wakiwa ndani. Nilijua adhuhuri ya Vancouver inakuja, na sisi tuko chini tunaogeshwa. Nikaanza kulia, bila sauti.

Kando yangu alikaa bibi wa Kihindi na mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo. Bibi alinitazama, akafungua kopo akanipa chapati iliyokunjwa na viazi ndani. Chapati kabisa, kama za kwetu, ila nyembamba. Nilimweleza mjukuu kwa Kiingereza changu cha dukani kwa nini nalia: kwamba wanaosha ndege, na kwamba kuna neno moja sijui maana yake. Akaniambia hawaoshi, wanaondoa barafu kwenye mabawa, tusianguke. Halafu nilipomweleza habari ya ejo, alicheka mpaka akashika mdomo. Akasema kwao pia kuna neno la namna hiyo, kal, ambalo ni jana na kesho. Alimgeukia bibi yake akamweleza. Bibi akatikisa kichwa kwa uzito, akasema kitu, mjukuu akanifasiria: ukitaka kujua ni kal ipi, mtazame uso anayesema.

Ujumbe wa Sudi haukuwa na uso. Nikala chapati.

Vancouver

Tulitua jioni, taa zimeshawashwa. Mchana ulikuwa umekwisha, uwe wa ejo yoyote. Sanduku nililichukua, maana sikuwa na pa kuwahi tena.

Sudi alikuwa amesimama mlangoni na koti kubwa. Nilifanya kama bibi alivyosema, niliutazama uso wake kwanza. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka na mwenye hasira. Sikujua uso huo ni wa nini. Hata salamu sikumpa.

"Ejo ipi, Sudi?"

Hakuelewa. Nikarudia kwa Kiswahili: operesheni, juzi au leo?

"Leo mchana, mama mdogo."

Nikakaa juu ya sanduku. Nilikuwa nimekosa kwa saa chache, kwa sambaza na barafu. Sudi akachuchumaa mbele yangu akasema upesi, "Lakini hawakufanya. Iko sawa. Iko mzima."

Akanieleza tukiwa kwenye gari. Dada alikuwa anakunywa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, na mtu hapasuliwi mpaka awe ameiacha kwa siku kadhaa, la sivyo damu haikatiki. Alishaiacha, Sudi mwenyewe alikuwa ameificha. Lakini asubuhi ile, Sudi akiwa bado anatafuta pa kuegesha gari, daktari alimuuliza dada kupitia mkalimani wa Kinyarwanda wa kwenye simu: dawa hii umekunywa lini mara ya mwisho? Dada akajibu neno moja. Ejo. Mkalimani akafasiri jana, kama ambavyo mtu yeyote angefasiri. Wakafunga vifaa vyao, wakasogeza mpaka Jumamosi. Sudi alihangaika kuwaeleza kwamba haiwezekani, amezihesabu tembe zote, hakuna aliyemsikiliza. "Sijui alizitoa wapi," alisema, na akapiga usukani kwa kiganja.

Dada Mwamini nilimkuta amekaa kitandani, amefunikwa shuka mpaka kiunoni, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Nilimwangukia shingoni. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi akapita akaondoka. Sudi alipotoka kwenda kutafuta chai, nilimuuliza dada taratibu kuhusu zile dawa, amezipata wapi.

"Dawa gani? Sijagusa dawa toka wiki jana."

"Uliwaambia ejo."

"Niliwaambia ejo, ndiyo. Sikusema uongo."

"Ulimaanisha ipi?"

Akanishika kidevu kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto nikitoka kucheza matopeni. "Ile ambayo utakuwa umeshafika," alisema.

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika na kulia kwa pamoja, nikamwambia haya si mambo ya kuchezea, kwamba kilango cha moyo hakingojei wageni. Aliniacha nimalize. Halafu akauliza kama sambaza wamefika salama.

Kiti cha ukumbini

Jumamosi walimchukua asubuhi. Nilitembea kando ya kitanda chake nimemshika mkono mpaka kwenye milango miwili inayojifungua yenyewe, na hapo wakaniambia basi. Alikuwa mtulivu kuliko mimi. Milango ikajifunga.

Sitawachosha kwa habari ya kungoja. Nilikaa, nikasimama, nikanywa chai ya mashine isiyo na ladha, nikaula ule mkate mdogo wa ndegeni uliokuwa umekauka kama jiwe. Sudi alikaa amejishika kichwa. Hamisi alinipigia kutoka Kigali, kwake ilikuwa jioni, akaniuliza ndege zote tatu kwa jumla zimekula kilomita ngapi, maana anataka kulinganisha na uzi wake. Alikuwa anajaribu kunichangamsha. Nilimwambia sijui, niulize kutoka kiti hiki mpaka mlango ule ni kilomita ngapi. Hakukata simu, akakaa nami muda mrefu. Ndoa yetu ni hiyo, na inanitosha.

Daktari alipotoka alikuwa anatabasamu, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima nilielewa jambo bila mkalimani. Lakini alisema tungoje aamke, hapo ndipo tutajua. Hakuamka siku ile.

Aliamka Jumapili, mchana. Nilikuwa peke yangu naye. Alifungua macho, akatazama dari, akanitafuta mpaka akanipata. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

"Zena. Wananipasua lini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mungu anisamehe, nilitoa moja.

"Ejo."

Niliona hofu ikimpanda usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona kwake, zile siku zote alikuwa ameificha. Halafu mkono wake ukatambaa polepole juu ya shuka, ukafika kifuani, ukakuta bandeji. Ukasimama hapo. Akanigeuzia macho.

"Ejo ipi, wewe mtoto?"

"Ile iliyopita, dada."

Akafumba macho, chozi moja likamtoka likaingia sikioni.

"Basi nikaangie sambaza," alisema.